Ncha ya Mbeleko

Pale sokoni Yogyakarta, Indonesia, bibi mgeni alikwishachagua batiki za kushonea blanketi la viraka, ukumbusho wa safari zake. Kisha akanyoosha kidole kwenye mbeleko ya batiki ambayo Wartini, muuzaji, alimbebea mwanawe.

“Muuzie na mtoto kabisa!” jirani wa kibanda akaangua kicheko.

“Hii haiuzwi, bibi. Samahani.”

Mgeni akamwonyesha picha kwenye simu: kichanga ndani ya sanduku la kioo la hospitali, mrija puani. “Mjukuu wangu. Blanketi ni lake.”

Wartini alilijua sanduku la namna ile. Mwanawe alilala katika kama hilo mwaka jana. Sasa yupo ubavuni pake, mzito, anatafuna ncha ya mbeleko.

Akaifungua, akampakatisha jirani mtoto. “Shika, wewe mwenye maneno.”

Akachukua mkasi, akaitafuta ile ncha iliyolowa mate.