Wimbo wa Kiti

Siku hizi hotelini hakuna anayeomba wimbo. Kiti husikiliza moyo wa aliyekikalia, bendi ikapiga wimbo anaoupenda kuliko zote, na mwimbaji akaja kumwinamia.

Mwanakheri hakuwa amewahi kufika. Mumewe, Badru, ndiye aliyemleta, kusherehekea mwaka wa saba wa ndoa yao. Hata pweza wa nazi alikuwa hajaletwa, mwimbaji akamwinamia Badru. Ulikuwa wimbo wa taratibu, wa mwanamke anayesubiriwa dirishani. Mwanakheri hakuwahi kuusikia redioni, wala kinywani mwa mumewe akiwa anaoga.

"Wimbo gani huu, baba Rehani?"

"Hata mimi siujui. Viti vyenyewe vimechakaa, vinakosea."

Lakini chini ya meza mguu wake ulifuata ngoma, na haukukosea hata pigo moja.

Pweza alipokuja, Mwanakheri alimtafuna kama anayetafuna kandambili.

Zamu yake ikafika. Bendi ikachangamka, ikapiga ule wimbo wa harusi yao, ambao siku ile Badru aliucheza mpaka kiatu kikamvuka na watu wakamshangilia. Mwanakheri alijikuta anatabasamu. Alimtazama mumewe, akingoja ainuke kumtunza mwimbaji, kama wafanyavyo waume.

Badru hakuinuka. Aliweka uma chini, akamkazia macho mkewe.

"Na huu wako," akauliza polepole, "uliucheza na nani?"