Wimbo wa Chozi

Chozi, ndege mdogo mwoga, alitunga wimbo wa kumbembeleza mwanawe, na siafu waliokuwa wakipita wakaambiana, kama ilivyo ada yao, wa mbele kwa wa nyuma: "Wa Chozi huu." Kasuku akauiba, akauuza mti kwa mti kwa mtama. Hata kinda akasema, "Mama, imba ule wa Kasuku." Alichotamani Chozi, jamani, ni mwanawe tu ajue! Akajikaza, akaenda kwa Kasuku kuudai.

"Shahidi wako nani, we mama?"

"Siafu."

Kasuku akacheka, akamhonga siafu wa kwanza mtama.

"Wa Kasuku!" akasema yule.

"Wa Chozi," akasema wa pili. Akahongwa. Wa tatu naye, "Wa Chozi."

Mtama ukamwishia Kasuku, siafu bado wanakuja, "Wa Chozi, wa Chozi," hadi chini ya kiota cha kinda. Usiku ule kinda akasema, "Mama, imba ule wako."