Mlio Upande wa Kushoto

"Zima," Ayuma alisema. "Sasa washa tena, lakini usikanyage mafuta."

Waridi, mteja, akawasha kwa betri ya gereji. Injini ilikohoa, ikashika, na ule mlio ukaja: tak-tak, kimya kidogo, kisha mkwaruzo mrefu kama wa mtu anayeburuta kiti sakafuni. Ayuma akasimika ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, akabandika mpini sikioni, akafumba macho.

"Huyo Ayuma si fundi, ni daktari wa kifua," Oketch, mwenye gereji, akamwambia mteja. "Ngoja, sasa hivi ataiambia gari yako ivute pumzi."

Waridi akacheka. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mzaliwa wa mtaa wa Majengo, ameolewa mwaka juzi akahamia mtaa wa Fedha. Gari hilo kuukuu la kijani lilikuwa la mumewe.

"Mahmud huniambia niuzoee tu huo mlio. Tena hataki kabisa gari lije upande huu wa Mbotela, eti mafundi wa hapa ni wezi. Lakini leo limenizimikia hapo Jogoo Road, betri imekufa. Ningefanyaje?"

"Sisi wezi?" Oketch akasema. "Mimi hapa hata mke niliibiwa."

Ayuma hakucheka. Mlio huo alikuwa akiutafuta kwa miaka sita.

Miaka sita iliyopita, mumewe Patrobas aliondoka asubuhi na gari lake jeupe la teksi kumpeleka mteja, asirudi. Walimtafuta hospitalini, polisi, mochari. Hakuna mtu, hakuna gari. Mwishowe wazee wa kwao Butere wakasema yatosha. Mtu asipopatikana, huzikwa mgomba badala yake. Kaburi likachimbwa. Shina la mgomba likavishwa suti ya Patrobas, likalazwa chini, na Ayuma akalitupia udongo. Kesho yake akanyolewa nywele kama mjane yeyote.

Alirudi Nairobi pamoja na mama mkwe, akaacha kuuza mandazi, akamsihi Oketch amfundishe kushika spana. Watu walidhani anatafuta riziki. Yeye alijua kwamba gari la wizi hupakwa rangi mpya na kubandikwa nambari nyingine, lakini mlio wake hakuna anayekumbuka kuubadilisha. Na gari kuukuu, lizunguke litakavyozunguka, siku moja litaingia gereji.

Kila jioni mama mkwe alimuuliza swali moja tu kabla ya chakula: "Umelisikia?" Ajuza yule hakuwa na haja nyingine duniani. Alitaka kumjua aliyemuua mwanawe, kisha afe.

"Hiyo ni tapeti, vile vyuma vinavyosukuma valvu," Oketch akasema.

"Tapeti hulia juu. Hii iko pembeni, kushoto."

Ayuma akalegeza mkanda wa altaneta, kile kifaa kinachochaji betri, akautoa. "Washa."

Safari hii injini ikanguruma laini, bila tak-tak, bila mkwaruzo.

"Basi ndani ya injini hakuna ugonjwa," akasema. "Zima."

Akainama na tochi. Altaneta haikushikwa na chuma chake. Ilishikwa na bawaba ya mlango, tundu lake moja limelika hadi likawa kubwa kuliko bolti. Hapo ndipo palipokuwa pakigonga. Akakwangua grisi kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na rangi ya buluu, ile ile ya mlango wa jikoni kwao. Patrobas aliing'oa bawaba hiyo mwenyewe Jumapili moja, akaifunga garini, akisema ni ya siku mbili tu. Mlango ule bado unaning'inia kwa bawaba moja.

Alipoinua kichwa, Oketch alikuwa anamtazama.

"Ndilo," Ayuma akamnong'oneza.

Oketch aliijua habari yote. Mzaha ukamwisha usoni. Akaenda polepole mpaka kwenye lango la mabati, akalifunga, akasimama hapo na spana ya magurudumu mkononi.

"Dada," Ayuma akasema, "mumeo alilinunua gari hili kwa nani?"

"Sijui. Nilimkuta nalo." Waridi akaliangalia lango, akamwangalia Oketch. "Kwani kuna nini?"

"Mpigie. Mwambie aje, kuna kitu lazima akione kwa macho yake."

"Atanigombeza."

"Mpigie tu, dadangu. Weka spika."

Waridi akapiga. Simu iliita mara tatu, ikapokewa.

"Mahmud, usikasirike," akasema harakaharaka. "Gari lilizimika, nimelileta kwa mafundi hapa Mbotela. Kuna fundi mwanamke anaitwa Ayuma, anasema lazima uje ulione."

Ilisikika redio tu kwa mbali, kisha mtu akaizima.

"Mahmud? Unanisikia?"

Ayuma alikuwa na maneno yake. Aliyapanga miaka sita, akiosha vyombo, akiwa chini ya magari, akiwa kitandani. Sasa yote yalimtoka kichwani. Akaisogelea simu.

"Mimi sitaki gari," akasema. "Nataka uniambie tu mwenyewe ulimfanya nini, na ulimwacha wapi. Mama yake amezeeka. Ananiuliza kila siku, na sina la kumjibu."

Waridi akaziba mdomo kwa kiganja. Kule langoni Oketch hakusogea. Kwenye simu mtu alikuwa akihema.

"Ayuma," Patrobas akasema, "tafadhali usimwambie mama."