Kura Tano kwa Mama

Katika jengo letu, kila mjumbe wa kamati huwekewa sikio linalosikia flati zote. Kwa maneno ya jikoni tu, majirani zetu akina Mzee Kiwelu walishahamishwa. Ndiyo maana sisi wa chini, wachache kama nyama kwenye mchuzi wa bweni, mwaka huu hatukutawanya kura. Kila flati ina kura tano kwa viti vitano. Zote tukamrundikia Mama, akapita.

Jioni ile alirudi na sikio lake jipya, tukakaa kula.

"Mheshimiwa," nikamtania, "wajumbe wenzako wanakula nini huko juu?"

"Hawali. Wametulia, wanatusikiliza sisi."

"Basi washuke na sahani, ugali upo!"

Mama akatabasamu kidogo. "Wamecheka, wote wanne."

Mwenzenu nikavimba kichwa. "Mwenyekiti asicheke sana, lile wigi litamdondoka."

Dada Tunu alipaliwa kwa kicheko. Mama hakucheka. Alinyoosha mkono akaniziba mdomo.

"Watatu wamecheka," akanong'ona. "Mwenyekiti kanyamaza. Sasa na wale watatu wananyamaza, mmoja mmoja."