Vyuma vya Mwanaidi

“Jirani, unaendesha pikipiki au unatafuta sindano barabarani?” aliulizwa siku moja Mwanaidi, mjane muuza maziwa, kwa jinsi alivyojikunja juu ya pikipiki ya marehemu mumewe. Alicheka, lakini mgongo ulikuwa ukimuwaka moto.

Leo alikuwa gereji, na shemeji yake Hamadi kamfuata mpaka huko.

“Usukani usipokufaa leo, shemeji, naondoka na pikipiki ya ndugu yangu. Mgongo wako umekwisha.”

“Kilichokwisha huzikwa. Mimi bado narukuu na kuinuka.”

Fundi alitandaza vyuma vya kuinulia usukani, jozi ndefu na jozi fupi. Mwanaidi akatamani ndefu. Zikafungwa, injini ikawashwa. Alipokata usukani kushoto, waya wa mafuta ukavutika kwa urefu wa vyuma vile, injini ikanguruma yenyewe.

“Umeona? Imekukataa!” Hamadi akanyoosha mkono kutaka ufunguo.

“Iliyokataliwa ni tamaa yangu,” alisema Mwanaidi. “Fundi, toa hizo. Nifungie fupi.”

Zilipokazwa, alisoma bismillahi, akapanda. Akakata kushoto mpaka mwisho, akakata kulia. Injini ikabaki na sauti yake ileile ya upole. Basi akauzunguka uwanja na madumu yake ya maziwa, mgongo wima, mabega yametulia, mtandio ukipepea, mafundi wakimgongea spana kwa shangwe.

Akasimama mbele ya Hamadi.

“Panda, shemeji, nikufikishe nyumbani.”

Hamadi alizitazama nati zinavyong'aa, akavuta kofia usoni, akatoka kwa miguu.