Mama Anateleza

Mzee Korbinian aligeuza kichwa ghafla kuelekea dirishani, kisha akakirudisha jikoni. "Bado anateleza," akasema.

Ndani ya miwani nzito nyeusi ya kompyuta aliyovaa, mkewe aliyezikwa Februari alikuwa amesimama kando ya jiko. Kila mzee alipogeuka, marehemu alisogea kidogo, kama sahani juu ya meza iliyomwagikiwa maji, halafu akarudi mahali pake.

"Picha inachelewa, Baba," Burgi alimwambia. Miwani ile ndiyo iliyokuwa kazi yake katika maabara moja pale mjini Graz, na sura ya mama aliichora mwenyewe kutoka video za nyumbani. "Kichwa kinatangulia, mchoro unafuata. Itakuwa hivyo mpaka kompyuta ibashiri utageukia wapi kabla hujageuka."

"Basi ibashiri. Mama yako hakuwa mtu wa kuyumbayumba."

Burgi akacheka, akampakulia supu ya maboga, akaenda kazini.

Marekebisho ya kuondoa kuteleza huko yalikuwa tayari kwenye kompyuta yake. Angebonyeza tu, yangefika kwenye miwani kule nyumbani. Hakubonyeza. Kule kuteleza ndiko kulikomkumbusha baba kwamba jikoni hamna mtu. Mama akitulia, mzee ataanza kumwandalia chakula. Isitoshe, Burgi alikwisha kuyajaribu marekebisho hayo maabarani. Alimwona mama ametulia tuli, akimtazama, na tangu siku ile hakutaka kuvaa miwani tena.

Mchana simu ikalia.

"Ahsante, mwanangu," alisema baba. Sauti ilichangamka kama ya mtu mwingine. "Nimegeuza kichwa mpaka shingo inauma. Leo hatelezi hata kidogo."

Burgi akatazama skrini. Marekebisho yalikuwa palepale, hayajatumwa.

"Uko wapi, Baba?"

"Mlangoni, navaa koti. Tunashuka mtoni mara moja."

"Wewe na nani?"

"Na mama yako, nani tena? Na wewe kwa maswali."

Kwenye simu Burgi alisikia kitasa kikizungushwa. Akajikaza asipandishe sauti. "Baba, nisikilize. Usitoke. Vua hiyo miwani kwanza."

"Nilishaivua tangu asubuhi, Burgi," mzee akasema kwa upole. "Haikai vizuri na kofia, na mama yako anasema nje kuna baridi."