Pilau ya Hitima

Asubuhi ya kupakiwa melini, wafungwa waliohukumiwa kupelekwa ng'ambo maisha waliruhusiwa kuagana na jamaa zao langoni mwa gereza. Bi Mishi alimfikia mwanawe, Shebwana, akafunua sahani ya pilau.

"Kuna nini nyumbani, mama?"

"Hitima."

"Kafa nani?"

Bi Mishi alimtengeneza ukosi wa shati. "Huko uendako hajarudi mtu, wala hatutaletewa habari ya kifo chako. Tumekusomea mapema, mwanangu. Watu wamejaa hadi barazani."

Pingu zilimzuia kufikisha mkono kinywani, basi mama akamlisha. Shebwana alitafuna polepole.

"Imepungua chumvi," alisema.

"Nitawaambia wapishi," mama akajibu, akamfinyangia tonge jingine.